UZI: Nataka kuanzisha huduma ya "niwekee" hapa Nakuru. Nipimieni wazo hili kabla sijatoa pesa

Mwana_Bondeni aliandika:

Wadau, hamjambo. Nitaandika kirefu, nivumilieni. Nina akiba ya shilingi 180,000, na kijana mmoja wa kutengeneza programu za simu anataka 120,000 kati ya hizo Jumatatu ijayo.

Nimefanya kazi miaka sita kwenye duka la vyombo vya nyumbani hapa mjini. Duka si langu, nimeajiriwa. Chini ya kaunta tuna daftari la jalada jeusi, pembe zimeliwa, na humo ndimo tunamoandika watu wa "niwekee". Mnawajua. Mtu anaingia, anashika blanketi, analikunja pembe kupima uzito wake, anauliza bei, kisha anasema: "Niwekee hili, nitakuwa naleta kidogo kidogo." Anatoa 200. Tunaandika jina, tunabandika kikaratasi kwenye blanketi, linapanda rafu ya nyuma.

Mwezi uliopita mama mmoja wa Kaptembwo alimaliza kulipia chupa ya chai na sufuria tatu. Alikuwa amekuja mara kumi na tisa. Siku ya mwisho alifungua fundo la leso akapanga sarafu za kumi kumi juu ya kioo cha kaunta, kumi na nne, moja baada ya nyingine, na mimi nikisubiri bila kumharakisha. Alipofika mlangoni na mzigo wake alirudi akaniuliza, "Na ule mkeka wa plastiki, naweza kuanza leo?"

Tangu siku hiyo wazo halijanitoka. Nataka programu ambayo mteja anachagua kitu kwenye duka lolote la Nakuru, analipa kwa M-Pesa kiasi anachoweza, duka linamwekea, na akimaliza anakwenda kuchukua. Hakuna mkopo, hakuna riba, hakuna kuzimiwa simu ukichelewa. Mimi nakata 6% kwa mwenye duka kwa kila bidhaa iliyolipiwa yote.

Naomba mniambie ukweli. Maduka yatakubali? Wateja watamaliza? Nimpe kijana pesa?

Kibuye_Jumla alijibu:

Ndugu yangu, Jumatatu usimpe huyo kijana hata shilingi. Nitakueleza kwa nini, halafu uamue mwenyewe.

Nauza magodoro na vyombo Kisumu, karibu na soko la Kibuye, na niliwahi kuwawekea watu kwa miaka miwili. Nilianza na wateja kumi nikafika karibu tisini. Kilichonishinda si watu kukosa kulipa. Kilichonishinda ni nafasi na mzunguko wa mali. Godoro ninalonunua 4,800 nauza 5,600. Likisimama mlangoni, kwa miezi mitatu naweza kuuza, nikaleta jingine, nikauza, hata mara nne. Hiyo ni faida ya 3,200. Likiwa la mtu anayelipa polepole kwa miezi hiyo hiyo mitatu, nina 800 tu, na godoro limelala stoo. Na joto la Kisumu mnalijua. Upande ulioegemea ukuta ulitoka na madoa, mteja akaja na pesa yake ya mwisho akakataa kulibeba. Nilimpa punguzo la 600, nikabaki na 200 kwa kazi ya miezi mitatu.

Nikabadilisha. Nikaacha kutenga godoro la mtu, nikawa nauza yote nikitumaini kuleta jingine siku mteja akimaliza. Hapo nilikosea zaidi. Mama fulani alimaliza kulipia la maua ya bluu, nami nimebaki na ya kahawia peke yake. Alikuwa amelichagua lile la bluu siku ya kwanza na kulingojea wiki kumi na moja. Hakulitaka la kahawia, na haki ilikuwa yake.

Sasa tuje kwenye hesabu yako. Asilimia 6 ya godoro la 5,600 ni 336, na faida yangu yote ni 800. Hakuna muuza magodoro atakayekubali. Hata tukikubali, tuseme wateja 100 wameanza na 60 wakamaliza, kila mmoja bidhaa ya 6,000. Wewe unapata 360 mara 60, yaani 21,600, kwa miezi minne. Ni 5,400 kwa mwezi kabla hujalipa meseji za kuwakumbusha watu. Programu ya 120,000 utairudisha lini?

Mwana_Bondeni:

Asante sana, mzee wangu. Hiyo hesabu ya 5,400 sikuwa nimeifanya, nakiri.

Lakini nikuulize: pesa za wateja si zinaingia dukani kabla mali haijatoka? Ukiwa na wateja tisini wanaoleta 400 kila wiki, hizo ni 36,000 kwa wiki ambazo hukukopa benki. Si unaweza kuzitumia kuongeza mali nyingine inayotoka haraka?

Nyar_Kondele:

Kaka, swali lako hilo la mwisho ndilo lililonifanya nijisajili leo ili nikujibu.

Mwaka mmoja nililipia kabati la vyombo kwenye duka fulani hapa Kisumu. Jina la duka sitaji. Bei ilikuwa 9,000. Nilikuwa nauza omena asubuhi na kila Jumamosi jioni napitia pale nikiwa na 300 au 400, ananigongea muhuri kwenye kadi. Kadi ile ninayo mpaka leo. Nilifika 7,400. Jumamosi moja nikakuta kufuli lisilo la duka, na karatasi ya madalali imebandikwa mlangoni. Mwenye duka alikuwa na deni la kodi ya nyumba. Mlinzi wa jengo aliniambia walipakia kila kitu kwenye lori, na kabati langu lilipanda na karatasi yenye jina langu ikiwa bado imebandikwa mlangoni mwa kabati. Wale madalali hawakusoma jina. Kwao lilikuwa kabati la duka.

Nilikuja kujua baadaye kwamba pesa zetu za kila Jumamosi ndizo alizokuwa akinunulia simu za kuuza upande wa pili wa duka, na zile simu hazikutoka. Hakuwa mwizi, nasema hivyo kwa haki. Alifanya kile kile unachokipendekeza.

Hesabu_Milimani:

Dada, pole sana. Kilichokupata kina jina kwenye sheria za ufilisi: wewe ulikuwa mdai asiye na dhamana. Duka likianguka, wenye dhamana kama benki hujishikia mali waliyowekewa rehani, gharama za ufilisi na mishahara ya wafanyakazi huwekwa mbele, na mteja aliyelipia kabati husubiri kwenye foleni ya mwisho pamoja na muuza maji na fundi wa taa. Kwa kawaida foleni hiyo hufika mezani sahani zikiwa tupu.

Mwana_Bondeni, nimefanya kazi ya uhasibu Nakuru muda mrefu, kwa hiyo niruhusu niseme kwa msisitizo. Unafikiri biashara yako ni kuuza vyombo kwa awamu. Biashara yako ni kushika pesa za watu. Vyombo ni sehemu ndogo. Kati ya siku mama wa Kaptembwo anapotoa 200 ya kwanza na siku anapobeba sufuria, hizo pesa ziko wapi, na nani ana ruhusa ya kuzigusa? Ukilijibu hilo vizuri wazo lako lina miguu. Usipolijibu, ni afadhali akae na leso yake.

Tazama wakubwa wanavyofanya. Pesa unayoiona kwenye M-Pesa yako haikai kwenye akaunti ambayo Safaricom inalipia mishahara. Inashikiliwa na M-PESA Holding Company kama amana, kwenye akaunti za benki. Pesa uliyoweka benki inakingwa na shirika la bima ya amana, KDIC, hadi shilingi 500,000 kwa mtu. Pesa iliyo chini ya kaunta ya duka haina kinga yoyote. Hata moja.

Na haya si ya Kisumu peke yake. Uingereza mwaka 2006 kampuni ya Farepak ilianguka mwezi wa Oktoba. Watu zaidi ya laki moja, wengi wao kina mama wa kipato kidogo, walikuwa wameilipa kidogo kidogo mwaka mzima ili wapate vikapu na vocha za Krismasi. Pesa zao hazikuwa zimetengwa, zilikuwa zimetumika ndani ya kundi la kampuni. Krismasi ikaja mikono mitupu, na fidia ilichukua miaka na haikuwa kamili.

Kwa hiyo fungua akaunti ya pili ambayo jina lake linasema ni ya wateja, yenye sahihi mbili, na moja isiwe yako. Mwombe wakili akuandikie hati fupi ya amana kwamba pesa hizo si za duka mpaka mali itoke. Itakugharimu. Itagharimu chini ya ile programu.

Mkulima_Kitale:

Samahani, naingia na swali la mtu wa shamba. Kwa nini mtu apeleke pesa dukani wakati M-Shwari, ile huduma ya akiba na mikopo ya kwenye simu, ina akiba ya kufunga? Unafunga miezi mitatu, unapata na riba kidogo, kisha unaenda kununua taslimu na unaomba upunguziwe bei. Na chama je? Wake zetu hapa wananunuliana vyombo kwenye chama kila mwezi tangu nikiwa mtoto.

Nyar_Kondele:

Mzee, nilijaribu. Pesa ya kufunga ikifunguka unaihamishia M-Pesa, na M-Pesa nina deni la Fuliza, ule mkopo wa kukujazia pesa zikipungua. Ikitua tu inakatwa kabla sijaiona. Na pesa inayokaa kwenye simu kila mtu anaijua: mtoto anaumwa, shemeji ana matanga, jirani amefungiwa stima. Siwezi kusema sina wakati ninayo. Lakini nikisema "nimelipia kabati", hakuna anayeniambia nikalitoe.

Chama ni kizuri, nipo kwenye viwili. Ila kwenye chama zamu yako inakuja wakati wake, si wakati mtoto anaenda shule.

Ndiyo maana hata baada ya lile kabati bado naamini "niwekee" ina kazi yake. Nikipata duka ninaloliamini nitarudi.

Mwana_Bondeni:

Dada, nimesoma habari ya kabati mara mbili na sina la kujitetea. Nilichoandika kuhusu kuzungusha pesa za wateja nakifuta.

Kijana wa programu nimemwambia asubiri. Sasa naomba tulitafute umbo ambalo linawezekana. Mtu mmoja kazini ameniambia nigeuze: nitoe mali kwanza, watu walipe wakiwa nayo. Mnaonaje?

Hesabu_Milimani:

Hiyo ni biashara nyingine kabisa, na si ya mtu mwenye 180,000. Ukitoa mali kwanza umekuwa mkopeshaji. Kuna Sheria ya Ununuzi kwa Awamu, Sura ya 507, yenye masharti yake ya kusajili mikataba, na mteja akishalipa theluthi mbili huwezi kwenda kumnyang'anya mali bila kupitia mahakamani. M-KOPA, wale wanaouza simu na vifaa vya sola kwa awamu, wanaweza kwa sababu kifaa chao kinazimika kwa mbali mteja asipolipa. Blanketi halizimiki. Na hata wenye mitaji mikubwa huyumba: Lipa Later, iliyokuwa ikikopesha watu bidhaa hapa Kenya, iliwekwa chini ya msimamizi wa ufilisi Machi 2025.

Ubaki na wazo lako la kwanza. Uzuri wake ni kwamba mteja akishindwa, hakuna anayemdai mwenzake.

Marekani maduka yamewawekea watu mali hivyo tangu ule mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930. Wenye maduka makubwa ya Walmart waliacha mwaka 2006, wakarudisha 2011 kwa ajili ya msimu wa Krismasi, wakaacha tena 2021 na kuwapeleka wateja kwenye mkopo wa kampuni ya Affirm. Angalia waliporudisha: walirudisha kwa msimu, kwa siku inayojulikana. Hilo lifikirie.

Mwalimu_Vihiga:

Nimekuwa nasoma kimya. Hiyo "siku inayojulikana" ndiyo jibu, na sisi tunayo: Januari.

Kila Januari nasimama kwenye lango la shule ya bweni kupokea wanafunzi wapya. Naona sanduku la bati jipya linalong'aa, na ndani yake blanketi la nyumbani lililochoka na ndoo iliyoazimwa. Naona mzazi ananunua godoro kwa bei ya juu nje ya lango kwa sababu lori la asubuhi limeleta machache. Mzazi huyo si kwamba alikosa pesa mwaka mzima. Alipata 100 leo, 300 kesho kutwa, zikaondoka.

Achana na duka lolote na bidhaa yoyote. Uza mzigo wa shule, huo peke yake. Mtu aanze Juni, amalize katikati ya Novemba, achukue Desemba. Kibuye_Jumla, nisahihishe: shida yako ya stoo haiondoki hapo? Si lazima ununue godoro Juni. Unalinunua Novemba ukiwa tayari unajua ni mangapi.

Kibuye_Jumla:

Mwalimu, umenifanya niweke simu chini nikatafuta kalamu.

Ndiyo, inaondoka. Mimi niliua biashara kwa sababu kila mteja alikuwa na tarehe yake na kitu chake. Wote wakiwa na tarehe moja na mzigo mmoja, mwezi wa Novemba naenda kiwandani na oda ya magodoro 60 ya kipimo kimoja, pesa mkononi. Anayenunua 60 kwa taslimu hapewi bei ya anayenunua matano. Masanduku vivyo hivyo: fundi wetu wa jua kali wa masanduku ukimpa oda ya 60 na kianzio cha bati, anakutengenezea kwa bei ambayo hutaisikia Januari hata umlilie.

Bei za kawaida za rejareja hapa, mtanisahihisha wa Nakuru: godoro la shule 3,200, sanduku 2,600, blanketi 1,300, shuka jozi mbili 1,100, ndoo na beseni 300. Jumla 8,500. Mimi nikinunua mizigo 60 kwa bei ya jumla naona naweza kuupata mzigo mzima kwa 6,700. Faida 1,800 mara 60 ni 108,000. Linganisha na ile 21,600 ya asilimia yako.

Na ubebe mzigo wenyewe mkononi kabla ya kuuahidi. Sanduku lina bati jembamba na bati nene. Bonyeza kifuniko kwa kidole gumba katikati. Kikirudi juu kwa mlio, usilichukue, litabonyea kwenye buti la matatu kabla ya kufika shule.

Mwana_Bondeni:

8,500 kwa wiki 20 ni 425 kwa wiki. Au, na hili limenifurahisha sana, ni mara 85 za shilingi 100. Nilichungulia tozo: mteja akilipa kwa namba ya Lipa na M-Pesa ya kununua bidhaa hakatwi kitu, na mwenye duka hakatwi kwa malipo yasiyozidi 200. Kwa hiyo mama wa leso anaweza kuleta mia mia, bila mtu yeyote kupoteza senti njiani. Mimi nilikuwa nakwenda kumjengea programu ambayo hata simu yake ya vibonye haiwezi kuifungua.

Nimezungumza na bosi wangu jana jioni baada ya kufunga. Amekubali tujaribu kwa watu 60 chini ya duka lake, faida tugawane nusu kwa nusu, kwa sharti kwamba nishughulikie mimi.

Mwalimu_Vihiga:

Kabla hujasherehekea, kuna jambo nililopaswa kulisema mwanzoni. Mtoto anayemaliza Gredi ya 9 hajui atapangiwa shule gani mpaka matokeo yatoke, na huenda akapangiwa shule ya kutwa. Mzazi atakuwa amelipa 8,500 kwa godoro na sanduku ambavyo havina kazi. Na shule nyingine hutaja rangi ya shuka na blanketi kwenye barua ya kujiunga, barua ambayo inakuja ukiwa umeshanunua.

Shuka na blanketi usinunue Novemba. Hivyo subirisha mpaka barua zitoke. Na kwa wa kutwa, ruhusu abadilishe mzigo kwa vyombo vingine vya thamani ile ile dukani.

Hesabu_Milimani:

Mwalimu amesema vizuri. Nami nina mambo ya kodi na bei, nitayapitia haraka.

Duka la bosi wako kama limesajiliwa VAT, ile kodi ya ongezeko la thamani, yaani mauzo yanafika milioni 5 kwa mwaka, basi sheria inahesabu mauzo yametokea tarehe ya kwanza kati ya kutoa mali, kutoa ankara, au kupokea malipo, hata yakiwa sehemu. Maana yake kila 100 ya mama inaweza kuwa imeshabeba kodi yake Juni, ilhali godoro linatoka Desemba. Kaeni na mhasibu wa duka kabla ya kuanza. Kama duka lipo kwenye kodi ya mauzo ya 3%, ya wenye mauzo kati ya milioni 1 na milioni 25, hesabu ni nyepesi zaidi lakini ipo.

Bei: mwaka 2023 dola ilianza kwenye shilingi 123 hivi ikamaliza karibu na 156. Kemikali za kutengeneza povu la godoro zinatoka nje. Ukimfungia mteja bei Juni na shilingi ikaporomoka Septemba, nani anaumia? Ni lazima uwe wewe. Ukimwongezea bei mtu aliyelipa mara 60, hutawahi kumwona tena, wala dada yake. Kwa hiyo weka kando sehemu ya faida kwa ajili hiyo, na ukubaliane bei na kiwanda mapema kadiri wanavyoruhusu.

Na usiahidi kwamba mtu anaweza kutoa pesa yake wakati wowote kama benki. Pesa iliyolipiwa mzigo uliotajwa ni malipo ya mzigo. Ukianza kupokea na kurudisha pesa ovyo bila mali, unaanza kufanana na mtu anayepokea amana, na hiyo ni kazi ya wenye leseni ya Benki Kuu.

Mwana_Bondeni:

Swali la anayeshindwa katikati linanitatiza. Bosi anataka tukate 20% mtu akiacha.

Nyar_Kondele:

Asilimia 20 ya nani? Mtu aliyefika 5,000 akafiwa na mume, unamkata 1,000? Hujanunua godoro, hujalipia stoo, hujapata hasara. Kama ni gharama ya kadi na meseji, kata 200 mara moja, andika kwenye kadi siku ya kwanza kwa Kiswahili kinachosomeka, tena kwa herufi kubwa. Mimi nilisaini karatasi ya Kiingereza.

Kibuye_Jumla:

Hapo sikubaliani na dada kwa asilimia mia. Anayeacha Juni au Julai, arudishiwe yote kasoro hiyo 200. Lakini anayeacha Novemba baada ya mimi kulipa kiwanda, godoro lake tayari nimelinunua. Huyo apewe mali ya thamani ya alicholipa, asipewe pesa. Bila hivyo watu kumi wakiacha wiki moja nitakuwa na magodoro kumi na akaunti tupu.

Nyar_Kondele:

Sawa, mzee. Mali baada ya Novemba nakubali, mradi achague mwenyewe na kwa bei ya rafuni, isiwe bei iliyobuniwa siku hiyo.

Mwana_Bondeni:

Nimeandika yote. Bosi amekubali 200 badala ya 20%, ilinichukua jioni mbili. Akaunti ya wateja tunafungua wiki ijayo, sahihi ya pili ni ya mweka hazina wa kanisa la jirani ambaye pia ni mteja wetu. Kadi zitakuwa na vyumba 85, kila kimoja cha mia. Nusu moja mteja anakaa nayo, nusu tunabaki nayo, na kila Jumamosi tunabandika mlangoni jumla ya pesa iliyoko kwenye akaunti na jumla iliyo kwenye kadi, ili mtu yeyote aone kama zinalingana. Hilo la mlangoni ni wazo langu, kutokana na lile kabati.

Programu itasubiri.

Nyar_Kondele:

Jumla mlangoni ni jambo jema. Mngefanya hivyo Kisumu ningekuwa na kabati.

Nina swali moja ambalo hamjaligusa. Mtu akifa katikati? Mama yangu alikuwa na kadi ya blanketi alipofariki. Tuliikuta kwenye Biblia baada ya mazishi, amelipa 900. Hatukujua ni ya duka gani, kwa sababu muhuri ulikuwa umefifia na hakuna jina wala simu.

Mwana_Bondeni:

Sikuwa nimelifikiria hata kidogo. Kesho kadi zinaenda kuchapishwa. Nimempigia mchapishaji sasa hivi: nyuma ya kadi anaongeza jina la duka, mtaa, namba ya simu, na mistari miwili ya mtu wa kukabidhiwa mzigo, jina na simu yake. Naye tutampigia siku mteja anapojisajili, ili ajue kadi ipo.

Amesema wino wa muhuri wa bluu ndio unaofifia. Anatuletea mweusi.